Mstari wa 17

Mwezi wa saba, asubuhi ya Lubumbashi ina baridi, na jua likitoka linakuja limelala: linapita chini ya malata ya baraza na kugonga ukuta wa nyuma kabla halijagusa sakafu. Hilo jua ni chombo changu cha kazi. Ukiishika diski ya muziki kwenye mwanga wa namna hiyo, ukaiinamisha kidogo kidogo kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani, hakuna mkwaruzo utakaokuficha uso wake. Saa sita mchana, jua likiwa limepanda juu, diski ileile itaonekana kama imetoka dukani jana.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia nilikuwa Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, kwa mama mmoja aliyefiwa na mume. Kati yetu kulikuwa na makasha mawili ya bia, na ndani yake diski 63, karibu zote zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Marehemu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na katika miaka yake mizuri, mama alinieleza, hakuna mwisho wa mwezi uliopita bila diski mpya kuingia nyumbani. Mama aliniacha nitazame tano au sita za kwanza, kisha akauliza:

"Mutoto wangu, uniambie kweli. Hizi diski ziko namna gani?"

Nina miaka 11 katika kazi ya kununua na kuuza diski za zamani, hizi ambazo ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaziita santuri, na kila mwaka nazidi kuamini kwamba kazi yote imo ndani ya swali hilo. Anayenunua ana faida akisema diski imechoka. Anayeuza ana faida akisema ni nzima. Na mimi ni mtu mmoja: asubuhi nanunua, jioni nauza. Diski haijabadilika njiani. Aliyehama ni mimi, nimetoka upande huu wa meza nikaenda upande ule. Nikikubali herufi ninayoiandika kwenye daftari ihame pamoja nami, basi ni mwizi, hata kama hakuna askari atakayenikamata kwa herufi.

Mzee aliyenifundisha kazi, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hakuwa na herufi. Alikuwa na maneno matatu. Diski "inaimba", au "inaimba na kukohoa", au "inaruka". Mnunuzi alisimama mbele yake, sindano ikashushwa, kila mtu akasikia kwa sikio lake. Kwa biashara ya ana kwa ana sijaona mfumo bora kuliko huo. Shida inaanza pale mnunuzi anapokuwa Brussels au Nairobi au Tokyo, hawezi kuishika diski wala kuisikia, na kitu pekee alicho nacho ni neno lako. Hapo ndipo herufi zilipozaliwa.

Zinazotumika sana leo zilienezwa na Goldmine, jarida la wakusanyaji diski la Marekani lililoanza mwaka 1974, na ndizo zinazofuatwa kwenye tovuti ya Discogs, iliyofunguliwa mwaka 2000 kama orodha ya diski na baadaye ikawa soko. Juu kabisa kuna M, diski ambayo haijaguswa na sindano. Mimi sijawahi kuiandika, kwa sababu nitajuaje kwamba haijapigwa hata mara moja? Chini yake kuna NM, iliyo karibu na mpya. Halafu VG+, VG, G+, G, F (ya wastani) na P (mbovu). Waingereza wana ngazi yao tofauti kidogo, yenye EX (bora) katikati.

Ukizitafsiri herufi hizo kwa Kiswahili utapata jambo la kukufanya usimame. VG ni "nzuri sana". G ni "nzuri". Lakini diski ya G ni ile inayofika mwisho bila kuruka huku ikichemka kama mafuta ya mandazi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hesabu ya Goldmine, VG+ ina thamani ya karibu nusu ya NM, VG karibu robo, na G inabaki na sehemu ya 10 au 15 katika mia. Kwa hiyo "nzuri" maana yake ni "imepoteza karibu yote". Ndiyo sababu siwaambii wazee tafsiri ya herufi hizo nikiwa nyumbani kwao. Nikimwambia mama wa Kamalondo kwamba diski yake ni "nzuri sana" halafu nikampa dola tano, nimemdanganya kwa maneno ya kweli. Kwake nasema kwa Kiswahili chetu kile nilichokisikia: hii inaimba safi, hii inakohoa mwanzoni tu, hii inakohoa mpaka mwisho. Herufi naziandika pembeni, na ninamwonyesha ziko wapi kwenye ngazi.

Sasa nizungumzie macho, kwa sababu ndiyo yanayotutangulia na ndiyo yanayotudanganya.

Mwanga uwe mmoja na utoke upande. Balbu moja ya zamani, ile ya waya, ikiwekwa upande wa bega inafanya kazi kama jua la Julai. Taa ndefu za neoni hazifai, zinamwaga mwanga kila mahali na mikwaruzo midogo inayeyuka ndani yake. Ukiona mstari, usiogope kabla hujaupitishia ukucha, polepole, bila kukandamiza. Ukucha ukipita bila kukwama, mara nyingi ni mchubuko wa juu juu, ile alama ya diski kuingizwa na kutolewa kwenye karatasi yake miaka mingi, na huenda usisikike kabisa. Ukucha ukikwama, utausikia. Mkwaruzo unaokatiza mifereji, ile njia ambamo sindano inapita, unatoa "tik" moja kila mzunguko, yaani kwenye diski ya 45 ni tik 45 kwa dakika, na mimi huzihesabu: tik nane kwa sauti ndogo halafu kimya ni jambo moja, tik za nusu wimbo ni jambo lingine, na yote mawili naandika kwa idadi. Mkwaruzo mbaya kuliko wote ni ule unaofuata mwelekeo wa mfereji wenyewe. Kwa macho ni mdogo, mwembamba kama unywele, lakini sindano ikiingia humo inarudi nyuma au inaruka mbele.

Tazama pia tundu la katikati. Kwenye lebo, ile karatasi ya katikati yenye jina la wimbo, kuzunguka tundu, utaona vistari vya mviringo vilivyoachwa na mtu aliyekuwa akilitafuta tundu gizani au kwa haraka. Diski yenye uso safi na lebo iliyochorwachorwa hivyo imepigwa mara nyingi sana, hata kama imeoshwa. Diski zetu nyingi za 45 zilikatwa tundu kubwa la katikati ili zikae kwenye mashine za baa, na tundu hilo likiwa limelika upande mmoja, diski haikai katikati na sauti inayumba kama mtu anayeimba akiwa ndani ya taksi kwenye barabara ya mashimo.

Na kuna mng'ao. Sokoni utakuta diski zinang'aa ajabu. Usifurahi. Kuna wauzaji wanaozipaka mafuta, ya kupikia au ya mwilini, na nimeshawahi kukuta iliyopakwa dawa ya viatu. Mafuta yanajaza mikwaruzo na kuifanya isionekane, halafu vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia ndani yake na kugeuka udongo. Diski ya namna hiyo haina daraja mpaka ioshwe. Ninaosha kwa maji ya batri, yale maji safi yasiyo na madini ambayo mafundi wa magari wanayauza kwa kuongezea kwenye betri (si ile asidi, uliza vizuri kabla hujalipa), pamoja na tone la sabuni laini, kitambaa cha pamba kinachofuata mfereji, kisha naisuuza kwa maji yaleyale. Maji ya bomba na ya forage, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, yanaacha chokaa ndani ya mifereji, na chokaa ina sauti yake.

Lakini hata ukiosha, hata ukiwa na jua la Julai, macho hayaoni jambo kubwa kuliko yote, ambalo ni mfereji uliolika. Sindano nzito au iliyochakaa haiachi mkwaruzo. Inakwangua kuta za mfereji kwa ndani, polepole, na kilichokwanguliwa ni muziki wenyewe: sauti za juu, matoazi, ukali wa gitaa la solo, herufi "s" za mwimbaji. Diski ya namna hiyo inaweza kung'aa bila hata mstari mmoja na bado ikaimba kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni. Dalili zinaanzia ndani, karibu na lebo, kwa sababu ya hesabu ya duara: mzunguko ni uleule, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo njia inavyokuwa fupi, muziki uleule unabanwa mahali padogo, na sindano mbovu inashindwa kuufuata. Kwenye diski kubwa ya mizunguko 33, mfereji wa mwisho unapita chini ya sindano kwa nusu tu ya mwendo wa mfereji wa kwanza, au hata pungufu. Kwa hiyo anayejaribu diski kwa kusikiliza sekunde 20 za mwanzo hajajaribu kitu.

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu nilimuuzia mtu wa Ubelgiji diski kubwa niliyoiandika VG+. Niliiona safi, niliisikia safi. Ilipomfikia aliniandikia kwa upole kwamba nyimbo mbili za mwisho za kila uso zinakwaruza hadi haziwezi kusikilizwa, akaambatanisha sauti aliyorekodi. Niliisikiliza kwa simu, na alikuwa anasema kweli. Nikaipata sababu mezani pangu: mashine yangu wakati huo ilikuwa ya zamani, yenye kichwa cha sindano kizito, kinachokandamiza diski kwa gramu nyingi, na spika ndogo isiyo na sauti za juu. Kelele zote za juu ilizimeza. Nilikuwa nimempa mtu daraja la spika yangu, si la diski yake. Nilimrudishia fedha zote pamoja na za kusafirisha, na nikatumia miezi minne kuweka akiba ya kichwa kipya kinachokandamiza kwa gramu mbili tu. Kilipofika nilizisikiliza upya diski zote nilizokuwa nazo nyumbani, uso kwa uso. Zaidi ya theluthi moja zilishuka daraja. Mashine ile ya zamani mbaya zaidi ilikuwa ikizila diski nilizozijaribu juu yake, na hilo bado linaniuma.

Tangu siku hiyo nina sheria nyingine ya hapa kwetu: siipi diski daraja nikiwa natumia convertisseur, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Umeme ukikatika na mtu akaendesha mashine kwa betri na convertisseur ya bei rahisi, mngurumo unaingia kwenye spika, na utaiadhibu diski kwa kosa la umeme. Nangoja umeme urudi. Kuna wiki ambazo kungoja huko kunakula siku nne.

Nimesema "uso kwa uso" na nataka mlizingatie neno hilo, kwa sababu kwenye muziki wetu lina uzito ambao wazungu waliotunga zile herufi hawakuufikiria. Diski zetu nyingi za 45 za miaka ya 1970 zina wimbo mmoja uliokatwa katikati. Uso wa A una maneno, mwimbaji anamlilia mpenzi wake kwa utaratibu. Unageuza diski, na uso wa B una sebene, magitaa yanajibizana, watu wanasimama. Fikiria diski hiyo imeishi miaka mitano kwenye baa ya Kamalondo. Ni uso gani uliopigwa zaidi? Katika daftari langu, diski za namna hiyo zina uso wa B uliolika kuliko uso wa A mara nyingi mno kuwa bahati tu. Nimekutana na diski zenye A ya VG+ na B ya G. Ukimwandikia mnunuzi "VG" kwa kukisia wastani, umemdanganya kwenye nyuso zote mbili. Ziandike mbili, na uandike ni wapi gitaa linapoanza kupotea.

Diski za zamani zaidi, zile nzito za mizunguko 78, ni dunia nyingine. Hazikutengenezwa kwa plastiki ya vinili bali kwa sandarusi ya mdudu iliyochanganywa na unga wa mawe, na zikianguka zinavunjika kama kigae. Kwetu Katanga hizo zina heshima ya pekee. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville, na diski zake zikatoka Afrika Kusini kwa lebo ya Gallotone. Kinshasa, ambayo ilikuwa Léopoldville, kampuni ya diski ya Ngoma ilianza mwaka 1948 na ya Loningisa mwaka 1950, na diski zao za kwanza zote zilikuwa hizo nzito. Zilipigwa kwa gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, kwa sindano za chuma ambazo zilipaswa kubadilishwa kila uso. Nani alikuwa na fedha ya sindano mpya kila dakika tatu? Kwa hiyo karibu zote ninazozipata ni G, na kijivu cha mifereji iliyolika kinaonekana hata kwa macho.

Ila msizihukumu kwa mashine isiyo yake. Mfereji wa diski ya 78 ni mpana, sindano yake ina unene wa mara tatu hadi nne wa ile ya diski za kawaida. Ukiweka sindano nyembamba inazama hadi chini, inakokota uchafu wa miaka 70, na unasikia moto wa porini. Weka sindano yake na gitaa la Mwenda linatoka kutoka ndani ya moshi, kidole kwa kidole. Na msizioshe kwa pombe. Kwa diski ya vinili kuna wanaotia pombe kidogo kwenye maji. Kwa sandarusi pombe ni kifo, inaiyeyusha. Niliwahi kuletewa diski ambayo kijana alikuwa ameisafisha kwa spiriti kwa nia njema, na lililobaki lilikuwa sahani nyeusi yenye ukungu, bila wimbo.

Posheti, yaani jalada la karatasi, linapewa daraja lake peke yake, na hapa kwetu huwa ni hadithi fupi: mchwa. Wanaanzia pembeni wanakula karatasi yote na kuiacha diski nzima. Kama si mchwa ni unyevu wa masika, au skochi iliyogeuka njano, au diski zilizolazwa bila posheti chini ya malata mpaka joto likazipinda. Naandika kilichopo. Lakini siwezi kupita haraka kwenye mihuri na kalamu. Posheti yenye muhuri wa duka la Elisabethville kwa kawaida ilipigwa muhuri kabla ya jiji kupewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Lebo iliyoandikwa Zaïre kama jina la nchi haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1971. Jina la msanii lililoachwa bila jina la ubatizo mara nyingi linakupeleka mwaka 1972 au baadaye, serikali ilipowataka watu wayaache majina hayo. Kwa ngazi ya Goldmine muhuri na maandishi vinashusha daraja, na mimi nashusha kama inavyotakiwa. Halafu naandika chini yake, kwa sentensi kamili, muhuri unasema nini, kwa sababu kuna wanunuzi wanaoutafuta kuliko weupe wa karatasi. Jina la mwenye diski likiwa limeandikwa kwa biki silionyeshi kwenye picha. Nasema tu "kuna jina".

Nirudi kwa mama.

Tulikaa naye asubuhi nzima. Nilikwenda na mashine yangu ndogo na tukazipiga zote 63, mwanzo, katikati na mwisho, nyuso zote mbili. Nilifunga karatasi ya kaboni kwenye daftari: mstari mmoja kwa kila diski, namba, jina, daraja la A, daraja la B, daraja la posheti, bei ninayofikiri nitauzia, na nusu yake, ambayo ndiyo bei ninayonunulia. Nakala moja nilimwachia. Nyingi zilikuwa VG, kumi na kitu VG+, mbili tu NM, ambazo mama alisema mumewe hakuzipenda. Diski tisa zilikuwa zinaruka. Kwenye moja kati ya hizo tisa mama aliinua mkono, akasema "Hii hapana, hii njo yenye tulichezaka ku ndoa," akaichukua akaiweka mapajani. Zile nane nyingine sikumlipa kitu, na nilimwambia kwa nini kabla hajauliza.

Ilikuwa ngumu. Kumwambia mtu aliyefiwa kwamba diski anayoijua kwa moyo ni G, na bei yake ni dola mbili, kunataka koo imara. Kishawishi cha kwanza ni kuongeza daraja kwa huruma. Kishawishi cha pili ni kunyamaza na kutoa bei ya jumla kwa kasha zima, kama wanavyofanya wengi, kwa sababu bei ya jumla haina maswali. Nilivikataa vyote viwili, na sidhani kama nilimfariji hata kidogo. Alichokuwa nacho mwisho wa asubuhi ni fedha na karatasi.

Wiki sita baadaye, kijana alibisha mlangoni kwangu. Mwanafunzi wa Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mjukuu wa yule mama. Mkononi alikuwa na ile nakala, imekunjwa mara nne, na simu.

"Yaya, nkambo njo amenituma. Anasema tuangalie pamoja."

Yaya kwetu ni kaka, nkambo ni bibi. Nilimkaribisha kiti. Alikuwa amefungua ukurasa wangu wa mauzo na alitaka kulinganisha mstari kwa mstari, herufi za karatasi na herufi za mtandaoni. Nikasema sawa. Tukaanza namba 1. Nilikaa nikiwa mtulivu, kwa sababu hii ndiyo sheria ninayoihubiri: daraja ni moja, la kununulia na la kuuzia. Mstari wa 5, sawa. Mstari wa 12, sawa. Mstari wa 17 akanyamaza, akanigeuzia simu.

Kwenye karatasi: VG, VG. Mtandaoni: VG+, VG+.

Nilijua mara moja kilichotokea. Diski ile ilikuwa na vumbi lililogandamana, nikaisikia inachemka, nikaandika VG. Nyumbani niliiosha mara mbili kwa maji ya batri, ikatoka safi, nikaisikiliza upya, na kwa uaminifu kabisa nikaandika VG+. Herufi zote mbili zilikuwa za kweli siku zilipoandikwa. Nilimweleza kijana hivyo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama mikwaruzo ilipungua nilipoosha.

Haikupungua. Mfereji ulikuwa na hali ileile kwenye baraza ya bibi yake na mezani kwangu. Nilichokipima Kamalondo kilikuwa vumbi. Kazi yangu ya kuosha ina bei, na bei hiyo imo tayari ndani ya ile nusu ninayojibakizia. Diski ya NM ya wimbo ule inakwenda dola 40, VG+ ni 20, VG ni 10. Nilikuwa nimemlipa mama tano badala ya kumi.

Tuliendelea mpaka 63 na hatukupata nyingine. Nilimpa kijana dola tano, nikairekebisha nakala ya bibi yake kwa kalamu, nikatia sahihi pembeni, na kwenye nakala yangu vilevile. Aliikunja mara nne akaondoka.

Siku hizi naenda kwa watu na chupa mbili za maji ya batri, vitambaa, na kamba ya kuanikia. Tunaosha kwanza. Diski zinakauka kivulini, mama au baba mwenye nyumba anasimulia ipi ilinunuliwa wapi, na mimi nangoja, daftari likiwa bado limefungwa. Kwa diski 60 kazi inachukua siku mbili badala ya asubuhi moja, na siku ya pili inabidi niwahi kufika, kabla jua halijapanda.